Mikono Chini ya Kikomo

Mwanga kiasi gani unamtosha mtu?

Swali hilo liliandikwa kwa chaki juu ya ubao wa Karakana ya Mwanga, kwa mwandiko wa mtu aliyekwisha kuhitimu na kwenda zake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta. Kemilembe alilipita kila asubuhi tangu aletwe pale na chuo kikuu kwa mafunzo ya vitendo, na kila asubuhi alilichukulia kuwa pambo tu. Jumatano ile, alipoona kazi yake ya mwaka mzima imetulia juu ya kioo cha kompyuta bila kosa hata moja, aliinua macho akalitazama upya. Akatabasamu. Alidhani ameshalijibu: sehemu moja ya tano.

"Soma," Mzee Projestus akamwambia.

Mzee Projestus ndiye aliyekuwa mkuu wa Karakana, mhandisi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kisogo. Alikuwa ameshusha mapazia mazito na kuwasha taa moja mezani. Kipima-mwanga cha umeme kilikuwepo, tena cha kisasa, lakini Karakana ilikuwa na desturi yake: taa haikuruhusiwa kutoka mlangoni mpaka isomewe bango, yaani ukurasa wa gazeti kuukuu uliogandishwa juu ya kipande cha mbao, wenye tangazo la rangi za nyumba upande mmoja na tanzia upande wa pili.

"'Rangi isiyopauka wala kubanduka,'" Kemilembe akasoma, "'kwa nyumba ya mtu mwenye heshima zake.'"

"Herufi ndogo za chini."

"'Masharti yanazingatiwa.'"

"Imepita." Mzee akacheka. "Waitu, jamani, hata mimi na macho yangu haya nimeyaona hayo masharti. Sasa geuza usome tanzia, tujue kama marehemu naye anasomeka."

Marehemu alisomeka. Kemilembe aliandika alama ya vema kwenye kona ya ubao, na hivyo kikomo kikawa tayari.

Kila taa katika mji wa Nyakabanga, kuanzia taa za barabarani hadi kurunzi ya simu ya mtoto wa shule, ilikuwa na kiendeshi ndani yake. Hicho ni kiprogramu kidogo kinachokaa kati ya swichi na diodi inayotoa mwanga, mfano wa tarishi: mtu hubonyeza, naye tarishi hupeleka amri. Kemilembe alikuwa amemfundisha tarishi huyo udanganyifu mmoja wa heri. Mtu akitaka mwanga wote, tarishi humwitikia kwa adabu, kisha hufika kwa diodi na kuiambia: toa sehemu moja ya tano. Na ili amri hiyo itimizwe kwa usahihi katika taa mpya na kuukuu vilevile, diodi haikufifishwa, bali iliwashwa na kuzimwa, mara mia moja kwa kila sekunde, ikikaa gizani muda mrefu kuliko inavyokaa ikiwaka. Jicho la mtu haliwezi kufuata kasi hiyo. Huchanganya mwako na giza, likaona utulivu.

Haya yote yalifanywa kwa ajili ya senene, panzi wa kuliwa.

Kemilembe hakuwahi kumwona senene aliye hai. Alizaliwa mwishoni mwa kile watu walichokiita Miaka ya Milingoti, wakati ambapo kila kilima cha wilaya kilisimamishiwa mlingoti wa taa kali na mabati ya kuwatelezesha wadudu mapipani, na mvua ya vuli ilipofika usiku ulikuwa mweupe kama maziwa. Wakanaswa kwa magunia, kisha kwa malori. Kisha hawakuja tena. Mabati yale sasa yaliezeka mabanda ya kuku, na vijana waliyajua majina ya aina za senene kwa jinsi mtu anavyojua majina ya wafalme waliokufa. Mwaka huu, watafiti wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wameona wingu la kijani likielekea kusini. Lilikuwa dogo. Lingefika ndani ya juma moja au mawili, nalo lingehitaji giza ili lisivutwe na taa.

"Ijumaa baraza linakaa," alisema Mzee Projestus huku akipandisha mapazia. "Ufunguo wangu na ufunguo wako, tunageuza mbele ya watu wote, kufuli linashuka. Baada ya hapo hata wewe uliyekiandika kikomo hutaweza kukigusa. Hata ukipigiwa magoti."

"Ndivyo ilivyokusudiwa, Mzee."

Ndivyo hasa. Zamani kikomo kilijaribiwa, na watu wa ofisini wakakilegeza mtaa kwa mtaa kwa kila aliyejua mlango wa kupitia. Kwa hiyo sheria mpya, ambayo watu waliipenda wakaiita Sheria ya Giza Jema, ilidai kufuli la kudumu lenye funguo mbili: mmoja wa ofisi, mmoja wa mtu aliyeandika msimbo. Kemilembe aliliona jambo hilo kuwa safi kama maji ya chemchemi. Ni yeye pia aliyependekeza namna ya kuwauliza wananchi. Wasielezwe kikomo, alisema. Waketi ndani yake. Siku ya kikao cha hadhara, mwezi uliopita, ukumbi wa baraza ulifungwa madirisha, taa zikashushwa kwa kiendeshi chake, na mjadala wote ukaendeshwa katika mwanga uleule uliopendekezwa. Wazee walisifu upole wake. Mwenyekiti alipouliza nani anapinga, hakuna mkono ulioinuka. Hata kaka yake Mulokozi na wenzake wa chama cha viziwi, waliokaa benchi la kushoto pamoja na mkalimani wao, walitoka nje kabla ya mwisho. Kemilembe, akiwa jukwaani, aliwaona wakitoka akafurahi, akidhani wametosheka mapema.

*

Karakana iliamua kwamba mtaa wa wafanyakazi wake utangulie kuonja, kwa hiyo jioni ileile taa za kina Kemilembe zilipokea kikomo, bila kufuli.

Mulokozi alikuwa amerudi kutoka kwenye useremala wake na vumbi la msonobari likiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa akisimulia kisa, na kisa cha Mulokozi hakikuhitaji sauti: mabega yalikuwa mteja, nyusi zilikuwa mke wa mteja, na mikono ilikuwa kitanda.

"Nikamwuliza," alisema kwa mikono, "umepima mlango? Akanitazama hivi, kama nimemtukana. Mwanamume mzima apimiwe mlango wake mwenyewe?"

Mama yao, Ma Paskazia, alicheka akiwa na upawa mkononi. Alizungumza lugha ya alama kwa mkono mmoja tangu watoto wakiwa wadogo, kwa kuwa mkono wa pili haukuwahi kukosa kazi, na Mulokozi alipenda kumwambia kwamba ana kigugumizi. "Kikaingia?" akauliza, upawa ukiwa hewani.

"Ngoja! Tumefika, watu wanne, kitanda kichwani. Mke wake amesimama mlangoni..."

Nje jua lilizama nyuma ya kilima. Taa ya mezani ikajiwasha kwa upole kama ilivyofundishwa, na chumba kikageuka kuwa cha rangi ya asali. Kemilembe alikitazama kwa fahari. Aliziona ndizi sahanini, maharage, na hata ufa mdogo wa kikombe cha mama. Kila kitu kilionekana.

Mikono ya Mulokozi ilikuwa bado inaendelea. Kemilembe akangoja mke wa mteja aseme neno lake, na neno halikufika. Palipokuwa na mkono mmoja ukipita hewani, sasa aliona mikono mitano iliyosimama, kila mmoja umeganda mahali pake kama picha zilizopangwa ukutani. Kidole kilichopaswa kugusa kidevu kilionekana kabla ya kufika na baada ya kuondoka. Katikati hapakuwa na kitu.

"Rudia," alimwambia.

Akarudia. Mama akaitikia, akicheka, "Ehee, na godoro je?" na kwa uso wa Mulokozi ikawa dhahiri kwamba hakusema lolote kuhusu godoro.

Alijaribu mara ya tatu, polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto au mgeni. Alifika katikati ya sentensi akaacha. Akavuta sahani yake, akaanza kula. Ma Paskazia alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaweka upawa chini, na kwa mara ya kwanza tangu Kemilembe apate akili, meza ya nyumba ile ikanyamaza kabla chakula hakijaisha.

Kemilembe alitoa simu awashe kurunzi. Kurunzi nayo ilikuwa na tarishi wake, nayo ikamwitikia kwa adabu. Sehemu moja ya tano.

Mulokozi alimgusa bega na kumwonyesha mlango kwa kidevu. Uani anga bado lilikuwa na wekundu wa mwisho, na mikono yake ikarudi kuwa miwili.

"Hiyo ndiyo taa yako?"

"Ndiyo."

"Ileile ya ukumbini?"

"Ileile." Akasita. "Ukumbini nako ilikuwa hivi?"

Mulokozi alimkazia macho, kisha akacheka kicheko cha mtu anayetafuta kiatu kumbe amekivaa. Akamwita kwa jina lake la alama, kidole cha shahada kikizunguka shavuni, mahali Kemilembe alipokuwa na kovu la tetekuwanga. "Wewe ulikuwa mbele. Nilidhani umetuona. Novata alikuwa anatafsiri, maskini, anatoka jasho, na sisi tunaona mkeka wa vidole. Nikamwambia twende nje kwenye jua atusimulie tumefikia wapi. Tukakaa kwenye ngazi tukingoja mtuite wakati wa kupiga kura."

"Hatukuwaita."

"Hamkutuita. Watu wakatoka wakitushika mikono, hongereni, hongereni. Tukapokea hongera." Aliinua mabega. "Nilifikiri mtakuwa mmeliona, na mtalirekebisha. Wewe ni fundi. Mimi nikimpelekea mtu meza inayoyumba, siendi kulala."

Aliyasema hayo bila hasira, na Kemilembe alitamani angekasirika.

"Nitawapa taa zenu," akasema haraka. "Nyumba za viziwi zote, taa zisizo na kikomo. Nitaandika ubaguzi ndani ya kiendeshi, taa iulize kwanza ipo nyumba ya nani..."

"Na itajuaje?"

"Kutakuwa na orodha."

Mulokozi alitikisa kichwa polepole. "Ili mpita njia aone nyumba inayong'aa aseme, pale, hapo ndipo anakaa yule asiyesikia mlango ukivunjwa? Na nikienda kwako kula? Na nikienda kuposa kwa watu, nibebe taa yangu kwapani?" Alisogea karibu, maana wekundu ulikuwa unakwisha. "Usinifanyie hisani. Nataka senene kama wewe. Zaidi yako, wewe hupendi hata dagaa. Lakini nilikuwa kwenye ngazi. Mambo yenu mliyaamua nikiwa kwenye ngazi."

Alitaka kuongeza neno. Mikono ikainuka, lakini giza lilikuwa limeshaingia. Kwa hiyo aliishusha, akampiga kofi jepesi la kisogo kama alivyozoea, na wote wawili wakarudi ndani kumalizia ndizi zilizopoa.

*

"Tazama," Kemilembe alisema asubuhi.

Mapazia ya Karakana yalikuwa chini. Alikuwa ameweka bango kando na kuinyoosha mikono yake chini ya taa. Akaipitisha hewani, kwanza taratibu, kisha kwa kasi ya mazungumzo.

Mzee Projestus alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akajaribu mwenyewe, akipungia taa kama anayeaga treni.

"Mikono inakatika," alisema.

"Tumepima kwa vitu visivyotembea, Mzee. Ukurasa, kikombe, uso wa mtu aliyetulia. Jicho linachanganya mwako na giza endapo kitu kimesimama. Kikikimbia, kila mwako unakikuta mahali pengine. Sisi tunaosema kwa mdomo hatupungukiwi. Wao tumewakata ulimi."

"Ongeza kasi ya kuwasha na kuzima. Badala ya mia, elfu mbili."

"Taa mpya zinaweza. Nimeandika usiku, nimeshazijaribu, mikono inaungana, ingawa mwanga bado ni hafifu kwao. Taa kuukuu hazifiki huko. Chipu zao haziwezi. Ni nusu ya mji. Zinahitaji kubadilishwa au kufifishwa kwa njia nyingine, na njia hiyo inataka miezi."

"Nasi tuna siku chache."

"Na kufuli likishuka, hata njia hiyo nikiipata, hakuna pa kuiingizia."

Mzee akaketi. Kwa muda alionekana kutafuta kitu juu ya meza, kisha akakipata: chupa ya jamu iliyotobolewa kifuniko. Akaisukuma mbele ya Kemilembe.

Ndani, juu ya unyasi, alikaa mdudu wa kijani kibichi mwenye kichwa kilichochongoka na vipapasio virefu kuliko mwili. Alikuwa akijisafisha mguu kwa utaratibu wa mtu anayejiandaa kwenda kanisani. Kemilembe aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Hakuwa amefikiri kwamba wana macho ya namna hiyo, yenye kutazama.

"Alikuwa dirishani kwangu alfajiri," alisema Mzee Projestus. "Mmoja. Wametangulia wachache, wanaonja njia." Sauti yake ikashuka. "Mwanangu, nikwambie. Mama yangu aliokota senene maisha yake yote. Zamani ilikuwa hivyo kwetu: mwanamke anaokota, anachambua mbawa na miguu, anakaanga, anampelekea mume, na yeye haonji. Akionja ni aibu. Baba alimnunulia kitenge kila msimu kama shukrani. Vitenge alikuwa navyo sanduku zima. Kisha mambo yakabadilika, wanawake wakaanza kula mezani kama watu, na mama akasema mwaka ujao nitaonja. Mwaka ujao ndio hawakuja. Amezikwa hajaonja."

Kemilembe aliirudisha chupa taratibu upande wa Mzee.

"Nina wajukuu wa kike watatu," aliendelea. "Nimewaahidi. Sikuwaahidi kushiba, nimewaahidi kuonja. Sasa nisikilize. Tugeuze funguo kesho. Watu kama Mulokozi wataumia jioni za msimu, ni kweli, na sheria inasema kikomo kitakuwepo mwaka mzima, hilo nalo ni kweli. Lakini viziwi wa mji huu ni wangapi? Na wingu hili likinaswa kwenye taa, hakuna jingine. Binadamu anaweza kusubiri asubuhi ili aseme. Senene hawezi kuahirisha kuja."

Ilikuwa hoja nzuri. Kemilembe aliipokea kama mtu anayepokea mzigo kutoka kwa mzee, kwa mikono miwili, akausikia uzito wake wote. Usiku kucha alikuwa amejiambia hoja ileile kwa maneno mabaya zaidi.

"Na tukiwaacha bila kufuli?" akauliza. "Kikomo kibaki, lakini mtu aweze kukipandisha kwa mkono wake, na kijirudie chenyewe akimaliza?"

"Deusdedit na wenzake, wanasaji wa zamani, watakipandisha kwa mikono miwili. Mlingoti wake bado umelala nyuma ya ghala, ameupaka hata mafuta. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi unaniuliza nini?"

Kemilembe alitazama ubao. Swali la chaki lilikuwa pale pale. Aliliona sasa lina upungufu. Aliyeliandika alisahau kusema mtu anayetoshwa anataka kufanya nini na mwanga huo, na ni nani aliyemwuliza.

"Sikuulizi, Mzee," alisema kwa heshima. "Naona nilikuwa najisikiliza."

Mzee Projestus alifungua dirisha, akafungua chupa, akangoja. Senene hakuwa na haraka. Alimaliza mguu wa pili, akapanda ukingoni, akaruka kuelekea kwenye mgomba.

*

Ijumaa ukumbi wa baraza ulijaa mpaka milangoni. Madirisha yalikuwa yamefungwa na taa zimeshushwa, kama ilivyokuwa mara ya kwanza, kwa kuwa Mwenyekiti, Bi. Leokadia, alipenda mambo yaishe kwa sura yalivyoanza. Mezani mbele yake kulikuwa na kisanduku cheusi chenye matundu mawili.

Mzee Projestus aliingiza ufunguo wake, akaugeuza. Watu wakapiga makofi.

"Na sasa binti yetu," alisema Bi. Leokadia, "ambaye ametufanyia kazi kubwa bila kujikweza."

Kemilembe alisimama. Ufunguo ulikuwa mkononi, umepata joto la kiganja. Benchi la kushoto aliwaona Mulokozi na wenzake, na Novata, mkalimani, aliyekuwa ameshaanza kutokwa jasho. Wengine walikuwa wamejiegemeza mbele kama watu wanaotazama kupitia mvua.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba madirisha yafunguliwe."

"Baada ya kufuli, mwanangu."

"Kabla yake, Mheshimiwa. Tafadhali."

"Anataka apigwe picha!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka. Ilikuwa sauti ya Deusdedit, mwenye mlingoti. "Fungueni, apendeze!"

Bi. Leokadia alikunja uso, kisha akawapungia mkono walinzi. Madirisha yalifunguka moja baada ya jingine kwa kelele za bawaba zilizokauka, na mwanga wa saa nne asubuhi ukamwagika ndani, ukawafanya watu wakinge macho. Benchi la kushoto mabega yalishuka. Novata alifuta paji la uso, akanyoosha vidole vyake.

Kemilembe aliuweka ufunguo mezani, nje ya kisanduku, kwa kuwa kwa jambo hili alihitaji mikono yote miwili. Kisha alizungumza kwa mdomo na kwa mikono pamoja, jambo ambalo ni gumu, kwani lugha hizi mbili hazipangi maneno kwa namna moja, na kila moja ilibidi imsubiri mwenzake.

"Kikao cha kwanza hakikuwa kikao," alisema. "Niliwaketisha ndani ya taa yangu ili muipime, na taa hiyo ikawanyima wengine kusikia. Hawa hapa hawakuridhika. Walitoka nje kutafuta mwanga, tukapiga kura wakiwa kwenye ngazi. Kosa la taa ni langu, na ninalirekebisha. Kosa la kura ni letu sote."

Minong'ono ilipita ukumbini. "Viziwi wangapi?" mtu akauliza, si kwa ubaya. "Kwa ajili ya watu wachache tupoteze senene?"

"Wakipotea," akajibu Kemilembe, "nitakuwa nimechangia, na sitakana. Wapo njiani. Nimemwona mmoja." Hapo sauti ilimpungukia kidogo, na kwa kitambo mikono ikaendelea peke yake. Akavuta pumzi. "Tangu leo kikomo kipo katika kila taa, bila kufuli. Mtu anayehitaji mwanga wa kusema na mwenzake ataupandisha, na akimaliza utashuka. Nawasihi msiupandishe kwa ajili ya jambo jingine. Sina njia ya kuwazuia, isipokuwa kuwaomba."

Deusdedit hakucheka safari hii. Alikuwa akitazama sakafu.

"Binti," alisema Bi. Leokadia, naye sauti yake ilikuwa ya kuonya zaidi kuliko ya hasira, "unafahamu kwamba bila ufunguo wako kikomo hicho hakina nguvu ya sheria?"

"Nafahamu, Mheshimiwa."

"Na Mzee wako ameshageuza wake."

Kemilembe alimgeukia Mzee Projestus. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, miwani ikiakisi dirisha hivi kwamba macho yake hayakuonekana.

"Nisamehe, Mzee," akasema. Kisha akaligeukia benchi la kushoto, na baada ya hapo ukumbi wote, akiinua mikono juu zaidi ili hata waliosimama mlangoni waione.

"Ufunguo huu siugeuzi leo. Kikao kirudiwe, mchana, madirisha wazi, kila mtu akiwa ndani. Wakikubali na hawa, nitaugeuza siku hiyohiyo. Wakikataa, sitaugeuza kamwe."